Miche Minne ya Sukari

Sefrou, 17 Juni 1985

Kwa ndugu yangu Buazza,

Salamu nyingi zikufikie huko Tan-Tan, na baada ya salamu nakujulia hali. Sisi wazima. Mgongo wangu unauma kama ulivyouacha, mbuzi amepona, na maji ya bomba la mtaa yamerudi. Kifua chako je? Yale majani ya zaatari niliyokutumia unachemsha, au umewagawia wenzako wa kiwandani?

(Baba, ni mimi Ghita. Shangazi amesema hatumpi tena mtoto wa jirani kazi ya kuandika, kwa sababu sasa najua. Yeye anasema, mimi naandika. Yaliyo yangu naweka kwenye mabano ili usichanganye.)

Habari kubwa ni kwamba binti yako amefunga. Siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, kutwa nzima, na jua hili la Juni. Adhuhuri nilimkuta amelala kwenye vigae, shavu chini, nikamwambia fungua mwanangu, una miaka tisa tu, Mungu hana haraka na wewe. Akanijibu, "Shangazi usinisemeshe, mate yanaisha."

(Nilikwenda kunawa uso nikakaa na maji mdomoni. Sikumeza. Niliyatema yote, ingawa Shangazi hakuwapo kuniona.)

Nikamfanyia kama wanavyofanyiwa wote wanaofunga mara ya kwanza. Hina mikono na miguu, kaftani ya kijani niliyoazima kwa mpambaji wa maharusi, mkanda, taji, wanja, rangi ya mdomo. Sikutaka waseme kwamba kwa vile hana mama basi hana mtu. Nikampeleka studio kwa Hmidu, tukakuta foleni imefika kwa kinyozi. Akakalishwa kwenye kiti cha bibi harusi, akapigwa picha. Jioni alifungulia darini kwa tende na maziwa, majirani wakapiga vigelegele mpaka mbuzi akajibu.

(Rangi ya mdomo ina ladha ya mshumaa. Hmidu aliniambia nisicheke kwa sababu meno ya pembeni hayajaota.)

Picha hiyo nakutumia. Kubwa yake Hmidu ameiweka dirishani, ndani ya fremu ya dhahabu. Watu wanasimama kuitazama.

Dada yako,
Yamna


Tan-Tan bandarini, 28 Juni 1985

Kwa dada yangu Yamna na binti yangu Ghita,

Nawasalimu salamu njema. Kifua kinaendelea vizuri. Majani nimechemsha, na ndiyo, nimewagawia wenzangu. Nafurahi mbuzi amepona.

Ghita, haya ya mwanzo ni yako. Mama yako, Mungu amrehemu, alipokuachisha ziwa alijipaka shubiri. Ulionja, ukakunja uso, ukatembea mpaka mlangoni, kisha ukarudi ukaonja tena ili uhakikishe. Ukaenda kulala kwenye mkeka bila kulia. Aliyelia ni mama yako. Nikamuuliza, Rukiya, si ndivyo ulivyotaka? Akasema ndivyo. Nilipojua umefunga kutwa nzima nilicheka peke yangu, halafu nikawa kama yeye siku ile. Umenifurahisha sana. Maji yale mdomoni nakuamini kwamba uliyatema.

Sasa Dada, picha. Picha ile imenichefua.

Nilifungua bahasha nikaona mwanamke. Nyusi zimechorwa, midomo myekundu kama kidonda, macho yanatazama pembeni kama mtu anayejua jambo. Nikamtafuta mtoto wangu mle ndani, nikampata kwenye mikono tu. Kidole gumba amekificha ndani ya ngumi, kama anavyolala.

Kosa langu nilifungulia mezani. Lahsen wa mtambo wa kukaushia samaki akaninyang'anya. "Hongera, mkwe. Mahari unapokea ya dagaa au ya pesa?" Meza nzima ikacheka, picha ikapita mkono hadi mkono, na unajua mikono yetu ilivyo, mafuta ya samaki hayatoki hata kwa majivu. Iliporudi kwangu ilikuwa na alama ya dole shavuni. Nikaifuta, dole likabaki, rangi ya shavu ikatoka. Chakula nilikiacha. Lahsen si mtu mbaya, ana mabinti watatu anaowaota usiku kwa majina. Hilo ndilo linalonikereketa. Mtu asiye mbaya alimtazama mtoto wa miaka tisa kwa namna ile, kwa sababu sisi wenyewe tumempaka rangi tukamwambia tazama.

Hujafanya ambalo wengine hawafanyi, najua. Rukiya naye angempeleka. Lakini angemwosha uso kabla ya kutoka studio. Mwambie Hmidu aitoe dirishani.

Mdogo wako,
Buazza


Sefrou, 15 Julai 1985

Kwa ndugu yangu Buazza,

Salamu nyingi na hali. Sisi wazima, ila joto. Cheri zimekwisha sokoni, nimekukaushia kidogo.

Nilikwenda kwa Hmidu. Akasema, "Yamna, karatasi ni yangu, dawa ni zangu, na Iddi hii nimepata wateja kuliko zote kwa ajili ya picha hiyo. Mwambie ndugu yako ni heshima." Hakuitoa.

Lipo na jingine, na nataka ulisome ukiwa umekaa. Siku ya pili ya Iddi alikuja Hajat Batuli, mke wa Haji Bushta mwenye duka la mafuta ya zeituni karibu na daraja. Ameleta miche minne ya sukari, ile migumu iliyochongoka, katika karatasi zake za bluu, na hina, na kitambaa cha hariri, na viatu vya kudariziwa. Akasema ameiona picha dirishani. Nikajua ni pongezi za mfungo. Sukari si huletwa kwa kila jambo? Mtoto akizaliwa, mtu akirudi Hija. Hata Rukiya alipofariki waliileta mpaka tukakosa pa kuiweka. Nikapokea kwa mikono miwili, nikavunja mche mmoja palepale nikamchemshia chai. Hina ilitakiwa kunizindua. Viatu vilitakiwa kunizindua. Nilipoona ni vidogo nikadhani vya Iddi.

Ijumaa wakarudi, yeye na mumewe. Haji akakaa akasema, "Tumekuja kunywa chai ya wakwe." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema neno limeshikwa, kwa kuwa sukari imepokelewa, imevunjwa, na chai yake imenywewa mbele ya mkewe. Ni kwa ajili ya mtoto wao Abdelhaki, ana miaka kumi na saba, anasoma Fes. Hawamchukui Ghita leo. Watangoja afike kumi na tano. Wanataka tu ijulikane ni wa nani.

Buazza, usikasirike kabla hujafikiri. Mimi nguvu zinaniishia na wewe uko mwisho wa nchi. Nyumba yao ina bomba la ndani. Miaka sita si kesho.

(Baba, Shangazi amenikataza kuandika haya lakini amekwenda kutazama chungu. Hajat alinipa lozi lenye ganda akasema nilivunje kwa meno. Nikalivunja. Akanivuta nywele akamwambia mumewe, "Ni zake." Akaninusa mdomo. Haji akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku, kidole chake kinateleza. Nilidhani ni mchezo wa Iddi. Huyo Abdelhaki simjui. Ni yule mwenye baiskeli?)

Dada yako,
Yamna


Tan-Tan bandarini, 26 Julai 1985

Dada Yamna,

Salamu. Mimi mzima.

Ghita, msomee shangazi yako kwa sauti na usiruke neno. Ukifika pagumu pumua, uendelee.

Dada, barua yako nimeisomea nyuma ya matanki, na nimetapika. Hapa nimezoea kila kitu. Samaki waliolala juani mpaka wamekuwa uji, funza kwenye mtaro, mvuke wa mtambo unaoingia mpaka ndani ya mkate. Tangu juma langu la kwanza sijawahi kutapika. Lililonitapisha ni lile lozi.

Punda ndiye hufunguliwa mdomo sokoni. Wamekuja nyumbani kwangu, wakapewa chai, wakamkagua mtoto wangu meno na nywele na pumzi, na wewe umekaa hapo na birika mkononi. Kisha ukamwandikisha posa yake kwa mkono wake mwenyewe. Ameandika vizuri, amekosea herufi moja tu. Nililiona hilo nikafurahi, halafu nikajichukia kwa kufurahi.

Sikulaumu kwa siku ya kwanza. Hata mimi ningepokea sukari nikashukuru. Nakulaumu kwa ile Ijumaa, ulipokwisha kujua, ukamimina kikombe cha pili. Na usiniambie tena habari ya bomba la ndani.

Sukari iliyobaki irudishe. Uliyovunja nunua nyingine, yenye karatasi ileile. Hina, kitambaa, viatu, vyote. Weka mlangoni kwao uondoke.

Ghita, umeniuliza kama ni yule mwenye baiskeli. Sijui, na si kazi yako kujua. Kazi yako ni jedwali la kuzidisha la saba, ambalo mwalimu aliniandikia kwamba bado unalikimbia.

Mdogo wako,
Buazza


Sefrou, 9 Agosti 1985

Kwa ndugu yangu Buazza,

Salamu. Wazima.

Barua imesomwa yote. Sina la kujitetea.

Nilikwenda kama ulivyosema, na miche minne, na vyote. Hajat alikuwa na wageni. Hakunikaribisha ndani, akaja kusimama kizingitini ili wamsikie. "Yamna, kilichopokelewa kwa jina la nyumba hakirudishwi na mwanamke. Baba yake yuko wapi? Aje mwenyewe. Au anaona haya kuingia mjini na harufu ile? Sisi tunamfanyia hisani binti, tunamtoa kwenye ukoo unaonuka dagaa." Wanawake wakacheka ndani. Nikarudi na sukari kichwani, mtaa mzima unanitazama.

Haji akimwona Ghita njiani humwita "bibi harusi wetu" mbele ya watu. Watoto nao wamedaka. Bombani wanamwita bibi harusi wa mafuta. Sinia la mikate sasa nalipeleka mimi kwenye tanuri la mtaa, yeye hataki kutoka.

Njoo, ndugu yangu. Mimi nimeshindwa.

(Vile viatu nilivivaa kabla barua yako haijafika. Vilinitosha. Nimeacha. Sasa kwenye mabano naandika kidogo kwa sababu Shangazi akiniona naandika sana analia. Jedwali la saba nimelimaliza.)

Dada yako,
Yamna


Tan-Tan bandarini, 5 Septemba 1985

Kwa dada yangu Yamna,

Salamu nyingi. Nimerudi huku salama, msimamizi amenifokea kwa kuchelewa lakini kazi ipo. Zile cheri kavu nimezila zote kwenye basi, sikumgawia mtu.

Siku ile uliniuliza mlangoni yaliyotokea dukani nikakuambia yamekwisha, basi. Ghita alikuwa amesimama nyuma yako na sikujua niseme nini. Sasa nayaandika, na asome yeye.

Unakumbuka asubuhi ile uliniambia, "Maji ya moto yapo, Buazza, oga, uvae kanzu nzuri, unakwenda kwa wakubwa." Nikasema nikirudi. Ulidhani nimechanganyikiwa. Dada, zile nguo za kazini sikuzifua makusudi. Nilizitoa mtamboni nikazifunga ndani ya mfuko, na hata hivyo abiria wa nyuma walihamia mbele wote.

Nikaingia kwa Haji nikakaa kwenye benchi, pale wateja wanapoonjea mafuta.

"Karibu mkwe," akasema, halafu pua ikamfikia.

"Ahsante Haji. Nimekuletea sukari yako."

"Sukari hairudi, Buazza. Wewe si mgeni wa mambo haya."

"Basi nitakaa nayo hapa mpaka itakapopata njia."

Akaja mama mmoja na chupa yake. Akanusa mtungi, akanusa chupa, akasema, "Haji, mafuta yako yamechacha?"

"Si mafuta. Ni mgeni."

"Mgeni gani huyo?"

"Mkwe wake," nikasema mimi.

Mama akafunika chupa akaondoka. Wakaja wengine, wakafika kizingitini, wakakumbuka shughuli zao. Nzi ndio waliobaki dukani, na mimi, na Haji aliyekuwa anafuta kaunta ambayo haikuwa na kitu. Ilipokaribia adhuhuri akanijia na leso puani.

"Wewe mtu huna haya?"

"Ninayo, Haji. Ndiyo sababu siingii madukani mwa watu. Lakini wakwe hutembeleana. Kila likizo nitakuja kukaa nawe hapa, na Iddi nitakula kwenu. Hajat atanitandikia godoro."

"Unanidhihaki."

"Yule mtoto amelala kwapani mwangu tangu ananyonya. Mlimnusa mdomo tu. Mngemnusa vizuri."

Nilimwona jinsi alivyochukizwa, amekunja mdomo, na nikajua anaona kile nilichokiona mimi nilipomfikiria yeye na kidevu cha mwanangu mkononi. Akasema, "Weka hapo. Weka utoke." Nikasema siweki bila mashahidi. Akamwita kinyozi na fundi viatu, wakasimama mlangoni wamebana pumzi, akatamka kwamba sukari imerudi na hakuna neno kati ya nyumba zetu. Kinyozi akaniambia kwa sauti ndogo, "Hongera, lakini nywele sikukati leo."

Kwa Hmidu sikuhitaji kukaa. Aliniona kizingitini akaitoa picha mwenyewe, na fremu yake juu. Ninayo hapa, kifudifudi chini ya godoro. Nilitaka kuichoma, nikashindwa kwa ajili ya ile mikono.

Usidhani nilirudi na ushindi. Njiani nilijinusa, na kwa mara ya kwanza nikasikia wanachosikia wengine. Kumbe hivi ndivyo ninavyoingia majumbani mwa watu. Nimeishi kwa kuona haya ya jambo hili tangu Rukiya alipokuwa hai, na yeye alikuwa akiniambia sinuki kitu, ni bahari tu. Alikuwa anadanganya, maskini, na alidanganya vizuri.

Nilipokwisha kuoga nilimwita Ghita. Alikuja, akakaa, lakini si pajani. Alikaa kando, magoti pamoja, akanimiminia chai na kunisogezea mkate kama mgeni. Usiku akatandika kwako. Nikasema nafasi ipo hapa. Akasema, "Baba, mimi nimekuwa mkubwa." Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa nimeshinda dukani kwa mtu ili asikuzwe haraka, nikarudi nyumbani nikakuta amekua hivyohivyo, bila Haji, bila rangi, kwa sababu ya siku zenyewe tu. Hapo sina wa kumkalia benchi.

Mdogo wako,
Buazza


Sefrou, 20 Septemba 1985

Kwa Baba yangu,

Salamu nyingi na hali. Mimi mzima, Shangazi mzima, mbuzi ana mimba. Leo siweki mabano kwa sababu barua yote ni yangu. Shangazi yuko kwa jirani wanachambua pamba.

Shule imefunguliwa. Niko darasa la nne, nakaa mbele. Mikate napeleka mimi tena. Hajat akiniona anavuka upande wa pili, na juzi alivuka pasipo haja, kulikuwa na matope, akateleza kidogo. Sikucheka. Nilicheka nilipofika kwenye tanuri.

Barua yako nilimsomea Shangazi mara mbili. Alicheka kwa kinyozi, kisha akalia ulipomtaja Mama. Mimi nilisoma tu.

Nataka kuuliza kitu. Yupo Malika, dada yake rafiki yangu, ni mwalimu, ana miaka ishirini na miwili, na yeye amempata mtu wake mwenyewe anayepatana naye. Mimi nikifika umri huo, na mtu akaleta sukari, na mimi namtaka, utakwenda kukaa dukani kwake? Nauliza tu. Simjui mtu yeyote.

Binti yako,
Ghita


Tan-Tan bandarini, 2 Oktoba 1985

Kwa binti yangu Ghita,

Salamu zangu zikufikie, na umpe shangazi yako zake. Mimi mzima. Samaki ni wengi mwezi huu, hatupumziki.

Hongera kwa darasa la nne. Hongera pia kwa kutocheka mpaka ulipofika kwenye tanuri.

Swali lako nimetembea nalo kazini siku kadhaa. Mara ya kwanza lilinichukiza, nakuambia kweli, nikaiweka barua mbali kama kitu kilichooza. Nilimwona huyo mtu, hana sura, ana sukari tu, na tayari simpendi. Kisha nikaona kwamba umeuliza vizuri, umepanga umri, umeweka na sharti kwamba wewe unamtaka. Haji hakuuliza hata kimoja cha hivyo.

Basi jibu ni hili. Utaniambia wewe kwanza, kabla shangazi yako hajaweka maji jikoni. Ukisema nikae, nitakwenda na nguo hizi na nitakaa mpaka afunge duka. Ukisema humkatai, nitaoga, nitavaa kanzu, nitapokea sukari kwa mikono miwili na kuuvunja mche mwenyewe. Chai yake nitainywa mpaka chini. Ila wakati ninapoinywa, mwanangu, usinitazame usoni.

Baba yako,
Buazza